Kifaa cha Nne

2 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mke wangu na watoto wanakusalimu sana.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu uliwahi kuniambia kuwa maelekezo ya simu yanaingia sikio hili na kutokea lile, na kwamba mtu akitaka ufanye jambo aliandike na kulitia sahihi. Naogopa ukali wako, kwa hiyo hii hapa, inakuja na gari la vifurushi.

Wiki iliyopita niliiwekea ruta yako programu mpya nikiwa huku huku ofisini. Ilikubali, ikajizima, ikajiwasha, kisha ikanifungia nje. Siku hizi hizo programu mpya zinakataa mtu wa mbali kuingia mpaka aruhusiwe na aliye nyumbani. Kabla haijanifungia niliona jambo moja: ule ukurasa unaoonyesha kila kifaa kimetumia intaneti kiasi gani unasoma sifuri tupu. Nataka tuurekebishe ili kifurushi chako kisiwe kinaisha ovyo bila kujua kinakwenda wapi.

Chukua tableti. Nyuma ya ruta kuna karatasi imebandikwa, ina tarakimu za kuingilia na nywila. Ziandike kwenye tableti, ingia, tafuta palipoandikwa Matumizi. Niambie unaona nini. Majina ya vifaa yatakuwa yamefutika, yamebaki maherufi na tarakimu. Usihangaike nayo.

Kuhusu lile jambo letu, Mama, tafadhali usilikasirikie. Kikao ni Jumapili ya tarehe 29. Mimi na mdogo wangu nesi na kitinda mimba wetu tunaona ni wakati uhamie kwangu. Chumba kiko tayari, kina dirisha kubwa. Sabini si mchezo, na nyumba hiyo ni kubwa kwa mtu mmoja.

Mwanao mkubwa

*

6 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, kuku wazima, paka wa jirani naye mzima kwa bahati mbaya.

Nimeifuata karatasi yako neno kwa neno. Hukuniambia kwamba kusoma tarakimu nyuma ya hicho kisanduku kungenitoa roho. Nimekivuta kutoka nyuma ya kabati, nikakuta mende watatu waliokufa wamegandia humo kwenye joto, na mayai yao, na vumbi lililonatanata kama masizi ya jiko la mafuta. Nilikamata kitambaa kwa ncha za vidole, na bado nanawa mikono mpaka leo. Kitu kinakaa sebuleni kwangu kinameta taa za kijani mbele, nyuma uozo mtupu.

Nimeingia. Ukurasa wa Matumizi unasema sifuri kila mahali, kama ulivyosema. Lakini nimekaa miaka thelathini na moja kwenye ubao wa kuunganishia simu, kiti cha saba, na siwezi kuona orodha ya laini nisiihesabu. Mimi nina simu, tableti na runinga. Vitatu. Orodha inasema vinne. Nilihesabu mara tatu, nikavua miwani, nikaipangusa, nikahesabu tena. Hicho cha nne ni cha nani?

Usicheke mwandiko. Mkono wa kulia umenikorofisha kidogo, ndiyo maana herufi zinalala.

Na ile saa mliyoniletea siku ya kutimiza sabini inachelewa dakika sita. Saa ya kuchomekwa kwenye umeme, yenye waya hadi chini, inashindwa na ya betri! Niliwahi kutaka kuirekebisha, nikaacha.

Kuhusu kuhama, nimekusikia. Nyumba hii ndiyo pumzi yangu. Nikilala najua kila ubao unaolia na kwa nini unalia. Nitakuja kwenye kikao, lakini nakwambia mapema ili usije ukasema sikusema: nikitolewa hapa nitakuwa nimetolewa, sitakuwa nimetoka.

Mama yako

*

8 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa mende. Nimecheka hadi mke wangu akaja kuuliza.

Tatizo nimelijua. Programu mpya imejiwashia yenyewe kitu kinaitwa Uharakishaji. Zamani kila kinachopita kilipita mbele ya mhesabuji, akakihesabu, kikaendelea. Sasa ruta imefungua njia ya mkato ili mambo yaende mbio, na mhesabuji amebaki amekaa kwenye mlango ambao hakuna apitaye. Intaneti inafanya kazi, ila hakuna anayehesabu. Ingia palipoandikwa Mipangilio ya Juu, tafuta Uharakishaji, zima, halafu chomoa ruta, hesabu hadi thelathini, chomeka. Baada ya robo saa namba zitaanza kupanda. Hapo chini yake kuna kisanduku cha Kuingia kwa Mbali. Kiwekee alama ya vema, ili mimi niendelee na mengine kutoka huku, usijisumbue tena.

Hicho cha nne ni cha ruta yenyewe, inajihesabu. Kiache kama kilivyo, usikiguse, usikichomoe. Nakuomba sana hapo.

Hayo ya kutolewa na kutoka tutayazungumza kwenye kikao. Sisi tunakupenda, ndiyo sababu.

Mwanao

*

14 Machi

Kwako,

Shikamoo yako nimeisoma. Sijaiitikia.

Nimezima Uharakishaji wako. Nilielewa upesi kuliko ulivyodhani. Mwaka ule zilipokuja simu za kujipigia moja kwa moja, ubao wetu nao ulinyamaza tukadhani watu wameacha kuongea, kumbe wanatupita pembeni. Namba zilirudi Jumatatu kabla ya saa sita mchana. Kisanduku cha Kuingia kwa Mbali sijakiwekea alama na sitakiwekea.

Ukurasa una safu mbili, Kuingia na Kutoka. Runinga inaingiza tu. Simu inaingiza na kutoa kidogo. Tableti vivyo hivyo. Cha nne hakiingizi kitu. Kinatoa tu. Kitu kisichopokea chochote bali kutoa tu nje, sisi kwenye ubao tulikuwa na jina lake: mmbea.

Uliniambia nisikichomoe. Sasa mtu atachomoaje ruta iliyo ndani ya ruta? Hapo ndipo uliponifungua macho, mwanangu, kwa mkono wako mwenyewe. Nikafanya kama tulivyofanya laini ikiingiliana: nilizima kimoja, nikaangalia orodha kwenye kingine, nikakiwasha, nikazima kinachofuata. Nilimaliza vyote vitatu na cha nne bado kinapumua. Nikaketi. Nikatazama chumba changu chote, kitu kimoja kimoja chenye waya, na macho yakapanda ukutani.

Nilipochomoa saa, cha nne kilizimika.

Niliishusha kwa ufagio, sikutaka kuigusa. Kwenye tarakimu ya kumi na mbili pana tundu dogo kama kichwa cha pini. Nililitazama, nikajua lilikuwa linanitazama tangu siku ile mlipoimba na kupiga makofi na kukata keki.

Halafu nikafanya jambo ambalo hamtalipenda. Niliichomeka tena, nikaitundika mahali pake, nikahamia jikoni na tableti. Siku tano nimewatazama mnavyonitazama. Safu ya Kutoka hukaa chini. Mtu akifungua picha huko aliko, inaruka. Jumatatu iliruka saa saba, wakati wa chakula cha ofisini, na Jumanne saa moja asubuhi, saa nne na nusu, na saa saba tena. Huyo ni wewe. Jumatano na Alhamisi inaruka saa tisa alasiri, zamu ya hospitali ikiisha. Huyo ni nesi. Ijumaa haikuruka kabisa. Mna zamu! Mmenipangia zamu kama vyombo vichafu!

Na tangu hiyo saa itundikwe, nesi aliyekuwa akinipigia kila Jumapili ananipigia mwezi mara moja. Wewe huniulizi tena kama nimekula. Nilidhani ni kazi, nikawatetea mbele ya fundi cherehani wa nyumba ya pili. Kumbe hamna haja ya kuuliza, mnaona sahani.

Mimi huvaa sebuleni. Kioo kipo hapo na meza ya kupigia pasi ipo hapo, na nyumba ni yangu na mlango nimeufunga. Umenielewa? Mimi ni mama yako niliyekuzaa. Nimejimwagia maji mara mbili leo na bado ngozi yangu naiona si yangu. Mende wale walikuwa na haya kuliko ninyi, wao walijificha nyuma ya kabati wakafa. Nimepata kinyaa ambacho sijawahi kukipata, si cha saa, cha mikono iliyoifunga kwa karatasi ya maua na utepe.

Miaka thelathini na moja nimeshika waya za watu. Nimewaunganisha wapenzi, wafiwa, wezi, na mkubwa mmoja na mwanamke asiye wake. Sheria ya kwanza tuliyofundishwa ilikuwa hii: ukishaunganisha, toa sikio. Yuko mwenzetu aliyesikiliza mara moja tu. Hatukumsemesha tena mpaka akaacha kazi mwenyewe.

Opereta wa Kiti cha Saba

*

18 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa kwenye gari na nikashindwa kushuka.

Sina cha kukana. Wazo lilikuwa langu. Baba alipofariki usiku ule bila mtu kujua mpaka asubuhi, mimi sikulala tena vizuri. Kila simu yako ikichelewa kuitikiwa nashika funguo za gari. Ningekuomba ukubali kamera ungenifukuza, na ungekuwa na haki. Kwa hiyo nikaificha. Nilijiambia kwamba mtu halaumiwi kwa kumlinda mama yake.

Lakini hayo mengine siyo, Mama, naapa. Ukivaa tulikuwa tunafunga hapo hapo. Hakuna hata mmoja aliyetazama. Nesi ndiye aliyeweka sharti hilo. Hatukukuchungulia, tulikuangalia tu kama uko salama, basi, halafu tunaandika na kufunga.

Ili uamini, nakutumia daftari letu lenyewe. Siyo nakala, lenyewe. Tulikuwa tunapeana kila zamu ikiisha. Ni zamu kama ulizokuwa ukitubandikia mlangoni jikoni, na kila mtu anatia sahihi kama ulivyotufundisha. Utaona hakuna la aibu humo. Utaona tulivyokujali. Haipiti hata wiki moja bila mtu kuandika "salama". Lisome, halafu unihukumu.

Tafadhali usiyaseme haya kwa mtu kabla ya kikao.

Mwanao

*

21 Machi

Kwako,

Daftari limefika. Nimelisoma lote, jalada hadi jalada, na chai imepoa mbele yangu.

Unasema nilipokuwa navaa mlifunga. Mlijuaje kuwa navaa?

Tuendelee. Kitinda mimba wenu ameandika neno moja kila Ijumaa na kila Jumamosi: "Sijafungua." Hakunichungulia, na wala hakunipigia. Huyo sijui nimbusu au nimchape. Nesi ana mwandiko mzuri, hajaharibika. Na wewe, mwanangu mkubwa, unaandika kama karani, saa na dakika. Kwa hiyo twende kwenye saa na dakika zako.

"Jumanne, 17 Februari. Saa 4:40 asubuhi. Mama amejilaza sakafuni, anapumzisha mgongo. Salama." Na sahihi yako, yenye ule mkia.

Ni kweli daktari aliniambia nijilaze sakafuni mgongo ukiuma. Ni kweli hujilaza. Hujilaza kwenye mkeka, nikiwa na mto, karibu na dirisha. Siku hiyo ulikuwa umeuona mkeka? Uliuona mto?

Siku hiyo nilipanda kigoda kuirekebisha saa yenu inayochelewa dakika sita. Ilikuwa kama saa nne na robo. Nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili, uso kwa uso nayo, kigoda kikateleza. Nikaangukia mkono wa kulia na nyonga. Nililala chini yake hasa, mkono uko chini yangu, na sikuweza kugeuka. Simu ilikuwa jikoni. Niliita mpaka sauti ikakauka, kisha nikaacha, nikabaki kuitazama saa kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mbele ya macho. Nakumbuka mishale yake ilivyokuwa saa nne na dakika thelathini na nne. Sasa ongeza sita za kuchelewa.

Tulikuwa tunatazamana, mwanangu.

Aliyeniokoa ni fundi cherehani, saa saba na nusu. Hana kamera. Aliona pazia langu halijafunguliwa tangu asubuhi, akaacha cherehani na nguo ya mtu, akaja kubisha. Nilipoitika kwa unyonge alizunguka mlango wa nyuma akaingia. Saa saba wewe ulikuwa na zamu nyingine, lakini hapo umeandika: "Kikao kazini. Nimeshaangalia asubuhi."

Wala sijamaliza. Jumatano, 18 Februari, mwandiko mzuri: "Mama amefunga bandeji mkono wa kulia. Labda amejiunguza jikoni. Tumuulize?" Na pembeni, kwa kalamu yako: "Hapana. Tukiuliza atajua."

Nilisoma hapo nikatoka nje, nikatapika kando ya banda la kuku. Nesi mzima, anayefunga bandeji za watu usiku na mchana, anaiona ya mama yake na ananyamaza ili tundu la saa lisijulikane. Nami nikakuandikia kwa mkono huo huo kwamba umenikorofisha, na wewe ulikuwa unajua, ukanijibu kuhusu mende. Mlianza kunitazama ili mjue nikiumwa. Mkaishia kushindwa kuniuliza kwa sababu mnanitazama.

Sasa nitakwambia kwa nini mimi nami nilificha, maana sitaki kujifanya malaika. Nilijua mkisikia nimeanguka mtanihamisha siku hiyo hiyo. Nilijifunga bandeji, nikanyamaza, nikapika kwa mkono wa kushoto. Nimekupa leo fimbo ya kunichapia kwenye kikao chako. Ichukue. Afadhali nihamishwe kwa ukweli kuliko nibaki kwa salama zenu za daftarini.

Kwenye ubao kulikuwa na sheria ya pili, sikukutajia. Kila asubuhi tulipima laini zote. Unaweza kuona taa inawaka, unaweza kusikia mlio, hiyo haitoshi. Laini haiandikwi nzima mpaka mtu wa upande wa pili ameitika kwa sauti yake. Asipoitika unapiga tena. Asipoitika unatuma mtu aende kwa miguu. Msimamizi akikuta umeandika "nzima" bila kusikia sauti, siku hiyo ndiyo ya mwisho.

Saa imo kwenye ndoo ya maganda na vichwa vya samaki, nyuma ya nyumba, nimeiunga kwa waya mrefu na tundu nimelielekeza ndani. Bado inafanya kazi. Jumatatu ni zamu yako.

Opereta wa Kiti cha Saba

*

25 Machi

Mama,

Shikamoo.

Nimekupigia tangu Jumapili mara nane. Inaita mpaka inakatika. Fundi cherehani ameniambia pazia lako linafunguliwa kila siku na kwamba niache kumsumbua yeye.

Jumatatu sikufungua. Hakuna tena atakayefungua, nimeifuta programu yake huku kwenye simu zetu zote tatu. Nesi amelia zamu nzima mpaka wakamrudisha nyumbani. Siwezi kukuandikia chochote kuhusu saa 4:40. Nilikuwa natafuta kalamu huku naangalia. Nilikuona mara moja, kama sekunde kumi. Nikaona mtu amelala nikafurahi kwamba mama anapumzika. Kila nikila narudia hizo sekunde kumi na chakula kinanishinda. Najichukia.

Nimefuta kikao. Jumamosi ninakuja peke yangu, kwa miguu yangu. Sitasema neno la kuhama.

Mwanao

*

26 Machi

Mwanangu,

Nilisikia zote nane. Nilikuwa nimekaa kando ya simu, mkono mmoja mapajani, nahesabu. Ya kwanza ulikata upesi. Ya tano uliiacha ikaita mpaka mwisho. Ya nane ilikuwa asubuhi, saa nne na dakika arobaini, nikajua umeichagua.

Bado kinyaa hakijaniisha, nisikudanganye. Jana nimepaka chokaa ukuta wote wa sebule, na pale saa ilipokuwa bado napaona. Ndoo nimeimwaga, na saa ndani yake.

Neno la kuhama utalisema, na mimi nitalijibu. Nyonga inaniuma kuliko nilivyokwambia. Sijasema kwamba sitahama. Nimesema kwamba sitahamishwa na watu wanaonijua kwa kunichungulia. Mlete na nesi, aje auone huu mkono, maana haukuunga vizuri. Kitinda mimba mwambie kutokufungua peke yake hakutoshi.

Jumamosi ukifika, bisha. Nitachelewa kufika mlangoni, kwa hiyo subiri. Usizunguke nyuma, na usichungulie dirishani. Bisha tena kama ni lazima, uite kwa sauti, useme shikamoo yako nikiwa ndani.

Marahaba utaisikia nikishaufikia mlango.

Mama